Mama Lebo na Chupa Arobaini na Moja

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, fundi wa maabara wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Ni siku hiyohiyo ambayo sisi wa mwaka wa nne tunafanya mahafali. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, kiranja wa darasa, niandike ukurasa mmoja kuhusu miaka yetu hapa. Nimeshindwa. Kila nikianza kusimulia najikuta niko maabara, na yeye yuko pale na mkasi wake na utepe wa karatasi. Basi ukurasa nimempa yeye.

Alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na minane, wakati maabara ilikuwa chumba kimoja chenye bomba moja na kabati lisilofungika. Leo ni vyumba viwili, mabomba kumi na mawili, na kabati ambalo hata mkuu wa shule hulifungua kwa adabu. Mwalimu wetu wa kemia alipitia mikononi mwake akiwa mwanafunzi, na mpaka sasa akimsikia anakuja huficha kikombe cha chai nyuma ya vitabu.

Jina la Mama Lebo tulilikuta. Hakuacha kitu bila lebo. Mwavuli wake una lebo, mkasi wa kukatia lebo una lebo, na saa ya ukutani imeandikwa "INAKIMBIA DAKIKA NNE". Saa hiyo haijawahi kurekebishwa, kwa kuwa kila mtu ameshaarifiwa.

Mwaka wa kwanza, mwenzetu mrefu kuliko wote, tunayemwita Mnara, alimwona chura aliyepasuliwa akaenda chini kama gunia. Alizinduka amekalishwa kwenye stuli ya pembeni, na kesho yake stuli ile ilikuwa imebandikwa "HAPA PA KUZIMIA". Wengi tumeikalia. Mnara sasa anataka kusomea udaktari, nasi tunamwombea yeye pamoja na wagonjwa wake.

Alikuwa mkali, tusidanganyane. Ukija bila koti unarudishwa, ukicheka karibu na moto unatolewa nje. Lakini ndiye aliyegundua kwamba mwenzetu wa dawati la nyuma, aliyeitwa mvivu miaka miwili mizima, alikuwa haoni vizuri. Alimwona akikosea kusoma kipimajoto kila siku kwa namna ileile. Jioni moja akaenda kwa wazazi wake kwa miguu, na baada ya wiki mwenzetu alikuja na miwani. Siku hizi ndiye anayetufundisha hesabu sisi wengine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichane ukurasa huu mara tano.

Mwezi wa kumi mwaka huu, Mama Lebo alipata ruhusa ya siku nne kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Ufunguo wa maabara aliniachia mimi, ili nimwagilie maharage ya somo la biolojia. Basi. Maharage tu. Lakini sisi tukajiona tuna akili, tukakubaliana kumshtukiza kwa usafi ambao hajauona maishani. Jumamosi tukaingia wote thelathini na sita na ndoo. Tulisugua sakafu, tukafuta madirisha, kisha tukaziona chupa za kemikali, arobaini na moja, lebo zake zimechakaa na kuwa za njano. Tukaziloweka kwenye maji ya moto na sabuni mpaka lebo zote zikatoka.

Msituone wajinga kabisa. Tulikuwa na mpango. Mwenzetu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameorodhesha chupa zote zilivyopangwa, kuanzia kushoto kwenda kulia, ili tubandike lebo mpya. Tatizo ni kwamba waliokuwa nje wakikausha hawakuambiwa. Wao walizipanga upya kwa urefu, zipendeze. Na kweli zilipendeza. Ile ya bluu ilijitambulisha yenyewe. Zilizobaki arobaini zilikuwa na maji meupe yanayofanana, na mtihani wa vitendo ulikuwa umebakiza siku kumi na nane.

Jumatatu Mama Lebo alirudi, akasimama mlangoni, kisha akaenda kukaa kwenye stuli ya kuzimia. Hakugomba, na hilo lilitutisha zaidi. Sheria ya shule tuliijua: anayeharibu mali ya maabara husimamishwa masomo wiki tatu. Wiki tatu zilimaanisha kuukosa mtihani. Alitoka, akaenda ofisini, akamwambia mkuu wa shule kwamba lebo alizitoa yeye mwenyewe kabla ya safari, kwa haraka, akakosea. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee katika miaka yake yote. Aliporudi alitueleza aliyoyasema, akatuagiza tufunge midomo mpaka karatasi ya mwisho ya mtihani, akatugawia miwani ya kinga.

Kwa siku kumi na moja, kila baada ya masomo, tulipima tone kwa tone, yeye na mwalimu wa kemia wakiwa wametusimamia. Asidi kwanza, kisha besi, kisha chumvi moja baada ya nyingine. Tulijifunza kemia zaidi siku zile kuliko miaka mitatu iliyotangulia. Pamoja na ile ya bluu, chupa arobaini zilirudishiwa majina yake. Moja ilitushinda, naye akaiandikia "SIJUI", akaiweka juu kabisa. Alituambia kuandika "sijui" si aibu, ila lebo ya uongo haifai hata siku moja, hata kwa nia njema.

Mimi nilikuwa nimeshaujua uongo mmoja aliokuwa ameubeba kwa ajili yetu, nikainama.

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, mtihani tumeshafanya, na leo tunaondoka, kwa hiyo hakuna pa kutusimamisha. Lebo zile hakuzitoa yeye. Tulizitoa sisi, na mlango niliufungua mimi, kwa ufunguo niliopewa kwa ajili ya maharage. Nyuma ya ukurasa huu kuna sahihi za wote thelathini na sita, Mnara ndiye wa kwanza. Tunaomba uweke ukurasa huu kwenye faili lake na uitoe ile barua. Asiondoke hapa na lebo isiyo yake.

Mama Lebo, samahani kwa kukuasi; ulisema mpaka karatasi ya mwisho, na karatasi ya mwisho imepita. Asante kwa miwani, kwa stuli, kwa mtihani tulioufanya. Uwe na afya njema, umlee mjukuu wako, wala usimbandike lebo.

Ile Jumatatu nilikuletea ufunguo huku nalia, nikijua hutaniamini tena. Ulinirudishia papo hapo, ukasema maharage bado yanahitaji maji. Nimeyamwagilia mpaka leo asubuhi. Ufunguo nimeutundika mahali pake.