Fundi Abilov na Vipande Vinavyotazama Juu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2002, fundi Seitzhan Abilov anavua miwani yake ya kuchomelea vyuma, baada ya miaka thelathini na minane katika karakana yetu hapa kando ya ziwa Balkhash.

Alifika mwaka 1964, mwembamba na mwingi wa maneno, akapewa kazi ya kuunganisha mitambo ya kurushia makombora yanayodungua makombora. Mwaka 1972 wakubwa wa Moscow na Washington wakatia saini mkataba wa kuupunguza ulinzi huo, na kila upande ukabakiziwa mitambo kumi na mitano tu ya majaribio. Aliyeiunganisha ndiye akaambiwa aikate ile ya ziada. Alinuna siku mbili, kisha akawasha gesi.

Kwetu amri ilikuwa kwamba vipande vilale wazi uwanjani miezi mitatu, satelaiti za Wamarekani zivione na kuhakikisha mtambo umekatwa kweli. Sasa, Abilov ni nadhifu kupita kiasi, hata misumari huipanga ikielekea upande mmoja. Alipoukata mtambo wa kumi na sita, alivilaza vipande kwa mstari, kimoja kikigusa kingine, bila mwanya. Kanali Zadorin, mkuu wetu wa wakati huo, akapanda mnara wa maji kukagua, na kelele zikaanzia huko huko juu.

"Abilov! Umeukata au umeulaza usingizi?"

"Nimeukata, Komredi Kanali. Vipande tisa."

"Huku juu mimi nauona mzima! Wamarekani wakihesabu kumi na sita, nitajieleza Moscow kwa sura ipi? Vuruga!"

"Nivuruge kazi yangu?"

"Vuruga kama chumba cha wanao!"

Alivivuruga huku machozi yakimlengalenga. Tangu siku hiyo, kila akimaliza kukata, alipanda mnara mwenyewe kutazama. Mkewe, Bi Kulyash, alipoomba chuma kimoja tu cha kuanikia samaki, alijibiwa, "Hicho si changu wala chako, mama watoto. Kinahesabiwa."

Wiki mbili zilizopita mkataba ule ulikufa, Wamarekani wamejitoa. Abilov aliketi karakanani mpaka chai ikampoa mkononi. "Miaka thelathini nilijua kuna mtu huko juu anaitazama kazi yangu," alisema. "Sasa nani atahesabu?"

Jana alimbebea Bi Kulyash chuma chake cha samaki. Hakuna aliyemtania.

Mzee Seitzhan, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako juu ya fagio, na kwa vicheko. Vipande vilivyobaki uwanjani hatuvigusi, vitakaa shaghalabaghala vile vile ulivyoviacha. Kila Jumatatu mmoja wetu atapanda mnara. Pumzika, ule samaki wako kwa raha, uwaone wajukuu wakikua. Kuhesabu tutahesabu sisi.