Aliyegonga Kila Penye Nukta

Wasikilizaji wapendwa, kitendawili! Najua mmeitika huko mliko. Haya: mlinzi wangu ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini akisimama, msafara wote husimama. Mmeshindwa? Nipeni mji. Asanteni. Jibu ni nukta. Na leo tunamkumbuka mama ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Nukta.

Bi Nukta alikuwa mhariri. Alihariri miongozo ya waandika programu, yale maelezo ya andika hiki, bonyeza kile. Narudia: hakuandika programu, alihariri miongozo yake. Alitaka alama za ukurasa wa kwanza zitumike vilevile hadi ukurasa wa mwisho.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ngazi. Yeye alisoma kwa sauti. Mdogo wake wa kiume, mwandika programu wa ofisi hiyohiyo, aliketi mbele yake akifuata kwa macho. Penye nukta anagonga meza. Penye mkato anakwaruza kwa ukucha. Wapita njia waliuliza, "Jamani, humo ndani ni uhariri au ngoma?"

"Ingia ucheze," Bi Nukta alijibu, "ila usinipotezee mpigo!"

Sheria yake ilikuwa moja: kila mstari ufungwe kwa nukta. Kila mstari, wasikilizaji, hata ule wa amri ambao mtu huunakili na kuupa kompyuta.

"Dada, amri ziache wazi," mdogo wake alimwambia. "Mtu atanakili na nukta yake, kompyuta itakataa."

"Sheria ni msumeno, mdogo wangu. Hukata mbele na nyuma."

"Basi safari hii utatukata sisi."

Mwongozo ukatoka na nukta zake. Asubuhi ya kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta, waandika programu wakanakili amri. Kompyuta zikagoma. Wakarudia. Zikagoma tena. Simu zote zikamwangukia yule mdogo mtu. Hakugomba. Alikuja chumbani nyuma ya ngazi, akachukua kikombe chake cha chai mezani, akaondoka nacho.

Bi Nukta akabaki na meza. Mwongozo wenye kosa hurekebishwa, hilo alilijua. Ndugu aliyechukua kikombe chake je? Binti yake anakumbuka: "Mama alikuwa anasoma peke yake. Akifika penye nukta, ananyamaza, kama anayengoja mtu abishe hodi."

Siku moja alibeba kikombe chake mwenyewe, akakiweka juu ya meza ya mdogo wake.

"Msumeno wangu umekata kidole changu," alisema. "Njoo tusome upya."

"Na amri?"

"Wazi. Zote, tangu mwanzo hadi mwisho. Sentensi ina nukta, amri haina."

"Nakuja. Ila chai unachemsha wewe, dada, maana ubishi wako unakausha koo."

Wakasoma upya. Na baada ya huo wakasoma mingine mingi.

Kisha Bi Nukta akaugua, sauti ikamwisha. Mwongozo wa mwisho ulisomewa nyumbani kwake, na zamu zikageuka. Mdogo mtu alisoma, dada akagonga ubao wa kitanda. Mstari wa mwisho ulikuwa amri. Ndugu yake akausoma, akangoja. Kidole cha Bi Nukta kilikuwa juu. Hakikushuka.

"Hiyo amri," akanong'ona. "Iache wazi."

Mwongozo ulitoka bila kosa. Bi Nukta hakuuona, alikuwa ameshafariki.

Kwa mdogo wake, kwa binti yake, na kwa wote waliozoea mpigo ule nyuma ya ngazi: poleni sana. Nasi tuliobaki, kila mmoja aitazame sheria anayoishikilia, kisha aangalie mezani kama vikombe vyote bado vipo.

Mdogo wake bado anasoma kwa sauti, wasikilizaji wapendwa. Siku hizi anajigongea mwenyewe. Akifika penye amri, huinua kidole, akakiacha hewani kidogo, ndipo akaendelea.