Faini ya Kubisha Hodi

— Laki tatu na nusu! Kwa kubisha hodi? Kwani kavunja mlango?

Aliyefoka hivyo ni mimi. Hapa kijiweni wananiita Cheche, kwa sababu nachomelea mageti, na kwa sababu nyingine ambazo watu huzisema nikishaondoka. Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao na ndoo mbili zilizopinduliwa, kwenye kona, kati ya karakana yangu na kibanda cha Sindano, fundi cherehani. Dada wa kahawa huweka jiko lake hapo kila alasiri. Wembe, kinyozi, hukaa karibu na birika. Asilimia, dalali wa vyumba, hukaa penye kivuli, na kivuli chenyewe kingekuwa na mlango angeshakipangisha. Siku hiyo Sindano hakukaa. Alisimama na simu mkononi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, uso kama wa mtu aliyekata kitambaa cha mteja upande usio wake.

Binti yake yuko nje, masomoni, huko mbali kwenye baridi. Hana hata mwezi. Alipokuwa anaondoka, benchi zima tulimwelekeza: ukifika, usijifungie ndani. Bisha kila mlango, jitambulishe, wakujue. Sindano akamshonea leso kwa mabaki ya vitambaa, awagawie majirani. Mtoto kafanya vilevile tulivyomwambia. Sasa kaletewa faini.

— Hebu iweke tena hiyo sauti, nikasema, na kikombe nikakigonga kwenye benchi.

— Utanivunjia kikombe, kaka Cheche, akasema dada wa kahawa.

— Iweke!

Sindano akabonyeza. Sauti ya binti ikatoka, ndogo, kama anaongea ndani ya kabati:

“Shikamoo baba. Nilibisha mlango wa kwanza, nikasikia televisheni inapunguzwa sauti. Halafu kimya. Nikabisha tena. Walikuwemo, baba, nilisikia mtu anakohoa. Ghorofa nzima alifungua bibi mmoja tu. Akachukua leso, akafunga. Juzi nikaitwa kwa msimamizi wa jengo. Anasema nimesumbua wapangaji, na nimefanya biashara bila kibali. Nilipe kabla ya Ijumaa au nihame. Hata jikoni, baba, kila mtu ana kabati lake na kufuli lake. Chumvi ikiniishia nashuka dukani. Sijui nikae au nirudi. Niambie wewe.”

— Biashara! nikasema. Leso ya bure ni biashara? Mtoto wa watu kabeba zawadi, kasimama mlangoni kwa adabu, wao wanapunguza televisheni! Mimi ninayetengeneza mageti nakwambia, mlango umewekewa bawaba ili ufunguke. Usiotaka kufunguka ni ukuta.

— Tulia, akasema Wembe. Hamjaelewa mchezo. Nimewanyoa watu waliokaa huko. Kila mlango una kitundu cha kuchungulia. Wamekuona, wamekupima, wamekukataa. Wanajua hata mfukoni una nini.

— Kitundu kinaona mfukoni?

— Cha huko kinaona.

Asilimia akacheka puani. — Nyie mnazungumzia vitundu, mimi nazungumzia hesabu. Kodi ya mwanafunzi haiwezi kulisha jengo la ghorofa. Faida iko kwenye faini. Ukibisha, faini. Ukikohoa, faini. Ukipika kitunguu, faini. Mbona sikuliwaza mimi?

— Ndiyo maana wapangaji wako wanahama usiku, nikamwambia.

— Subiri, akasema Wembe, na sasa macho yalikuwa yamemtoka. Kama faida ni faini, wapangaji wa nini? Hilo jengo halina watu! Wamewasha televisheni vyumba vyote, mwanafunzi adhani ana majirani, abishe, wamdake.

— Na aliyekohoa?

— Kikohozi kimerekodiwa.

— Na bibi aliyechukua leso?

Wembe akanywa funda la kahawa, akafikiri.

— Mfanyakazi wao. Leso ni ushahidi.

Kwa kweli nilikuwa karibu kumwamini. Hasira ikishapanda, mimi huamini chochote kinachonipa pa kuipeleka.

— Acheni upuuzi, akasema Sindano. Mwanangu anasubiri jibu. Hela hizo nikizitaka, nauza cherehani ya pili. Kisha? Aendelee kukaa na watu wanaojificha wakisikia hodi? Mtu unamsikia mlangoni, ni binadamu mwenzako, unanyamaza hadi aondoke? Roho gani hiyo?

— Roho ya jiwe! nikasema. Mwambie arudi.

— Na ada uliyokwisha kulipa, fundi? akauliza Asilimia.

— Ada ikae hukohuko ilikokwenda, nikasema.

— Arudi, akasema na Wembe. Huku kila mtu anamjua. Tena akirudi amsaidie baba yake kushona. Suruali yangu ya harusi ya shemeji nimeahidiwa Jumatano, na shemeji sasa ana mtoto anayetambaa.

— Jumatano utaipata.

— Jumatano ya mwaka gani, fundi?

Sindano alikuwa amesogeza simu mdomoni na kubana kitufe cha kurekodi.

— Marahaba, mwanangu, akaanza. Sikiliza. Hao watu wa huko...

— Samahani, wazee.

Tukageuka. Alikuwa Mkoba. Hilo ndilo jina tulilompa, kwa ajili ya begi kubwa analobeba mgongoni. Ni kijana kutoka nchi nyingine, anasoma chuo kilicho mwisho wa barabara yetu, na Asilimia ndiye aliyempangishia chumba juu ya duka la rangi. Kila siku hupita mbele ya benchi. Wembe alishatueleza kwamba begini mna mitambo ya kupigia picha nyumba zetu. Leo alisimama kununua kahawa, na muda wote ule alikuwa nyuma yetu na kikombe chake, kwa kuwa hakuna aliyesogea ili apate pa kukaa.

— Nina swali dogo, akasema, kwa Kiswahili cha polepole, kila neno limepigwa pasi. Hapa kwenu, mtu akibisha hodi, anafunguliwa baada ya muda gani?

— Papo hapo! nikasema, na kifua nikakitoa. Hapa si huko. Hapa hodi haijamaliza kutoka mdomoni, karibu imeshajibu.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayenakili.

— Basi mimi bado nasubiri. Tangu mwezi juzi.

Dada wa kahawa akaacha kumimina.

— Nilipohamia, nilianza na mlango wako, mzee, akamwambia Sindano. Nilikuwa nimeleta sabuni, mche mmoja, nijitambulishe. Nilisema hodi. Cherehani ilikuwa inalia, ikanyamaza. Nikasema tena. Pazia lako ni fupi. Niliiona miguu yako.

Sindano akaligeukia pazia lake.

— Nilidhani... akasema. Nilidhani ni mwenye suruali.

Hakuna aliyecheka, hata mwenye suruali.

— Asilimia! nikafoka. Si wewe uliyempangishia? Hukumleta hapa ukamtambulisha?

— Nilimpa ufunguo, akasema Asilimia, macho chini. Kutambulisha hakumo kwenye kodi.

Nikamtafuta mwingine wa kumfokea. Wembe alikuwa anaitazama birika. Mimi mwenyewe, nikakumbuka, nimempungia Mkoba nyundo mara moja au mbili, kumwonyesha asikanyage waya wangu.

— Jina lako nani, mwanangu? akauliza Sindano.

— Jina nitakutajia. Linakuja baada ya salamu, ndivyo nilivyofundishwa.

Akaweka kikombe juu ya benchi, akasimama mbele ya Sindano, mikono mbele. Nilitazama simu. Kidole cha Sindano kilikuwa bado kimebana kitufe. Yote yalikuwa yanaingia, tangu hodi hadi miguu chini ya pazia, na mtoto kule kwenye baridi angeyasikia.

— Shikamoo, mzee, akasema kijana.

Sindano akaivua tepu shingoni.

— Siku ile pia niliisema, akaendelea, palepale mlangoni, ulikuwemo. Leo nimeirudia. Nakudai marahaba.