Kanda za Ijumaa za Marehemu Zefania Komba

Waombolezaji wote, marehemu Zefania Komba alizaliwa Peramiho, Songea, tarehe 11 Machi 1951, akasoma huko huko, akahitimu ualimu mwaka 1972, na Januari 1973 akapangiwa kufundisha Kibiti, alikolia wiki nzima kwa sababu ya mbu, kisha hakuondoka tena. Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na Kristina, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1995, ushirika ukiwa hoi na mpunga umeachiwa wanunuzi binafsi, aliajiriwa na mradi wa wakulima kutunza orodha ya majina, akakabidhiwa kompyuta yenye diski mbili zilizogawana kila jalada vipande vipande ili kazi iende mbio, lakini moja ikifa, nyingine inabaki na vipande visivyosomeka. Marehemu alikosa usingizi, akawa kila Ijumaa ananakili yote kwenye kanda ya sumaku na kumpa nahodha Kondo aipeleke kijiji cha Mbwera kwa boti yake, ihifadhiwe na Bi Tatu, mkulima wa huko, mbali na ofisi, lakini kuijaribu hata moja kama inasomeka, hakuwahi.

Tarehe 14 Aprili 1998, mafuriko yakiwa yamefagia mashamba na mbegu za msaada zikisubiri orodha ya wakulima 2,140, diski moja ilikufa. Fundi akaweka mpya, akadai kanda, na marehemu akaenda Mbwera mbio, akazikuta zote darini jikoni, juu ya moshi, zimejikunja na kuwa nyeusi tititi, kwani aliwahi kumwambia Bi Tatu azitunze kama mbegu. Bi Tatu, akishangaa mwanamume mzima anavyolia, alijibu kwamba mpunga wake haujapata kuingiwa na mdudu pale. Ilipona moja tu, ya Ijumaa Kuu, ambayo Kondo aliitundika mlangoni kwa Bi Tatu kwenye mfuko wa nailoni, Bi Tatu mwenyewe akiwa msibani kijiji kingine, Mbwara. Ilisomwa kwa muda wa saa tisa, marehemu amesimama, hali wala hanywi, hadi jina la mwisho likatokea, na wakulima wakapanda.

Alipata kiharusi Juni 2001, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Agosti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, Kondo, na Bi Tatu, ambaye marehemu alimsamehe baada ya miezi minane.

Zefania, majina ya wakulima uliyarudisha, ila wewe hatuna kanda ya kukurudishia. Pumzika kwa amani, mwalimu wetu.