Pumzi Yangu Waliiita Shetani

Asalaam aleikum, akina mama. Shikamooni mlionitangulia. Nimeomba nafasi kabla hatujaingia kwenye habari za kamba na vigingi vya mwani, maana nina neno limenikaa kooni tangu jana. Shule niliishia darasa la nne, nikiyapanga maneno vibaya mnisamehe. Wengine wakisimama hapa husema "jirani mmoja", "ndugu fulani". Mimi fulani simjui. Walionitenda nawataja.

Mnakumbuka miaka ile ya ruksa, mwani ulipoingia huku Pande, sote tukakimbilia baharini. Nilikuwa mke mdogo wa Shaweji, nina mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, hii nilikuwa naishikilia kwa mikono miwili. Nikiinama kufunga mwani, pumzi zinakatika. Nikipanda kutoka pwani na gunia bichi kichwani, nasimama mara tatu njiani. Shaweji akawa anasema, "Unajidekeza. Mke mwenzako Somoe kazaa wanne, mbona hahemi?" Ikafika nalala nimekaa, mgongo ukutani, maana nikilala chali nazama kama mtu aliye majini. Miguu ikavimba. Makohozi yakaingia damu.

Athumani alikuwa kafungua duka la dawa pale njia panda, biashara ilipokuwa ya kila mtu. Akaniuzia vidonge vya pumu. Hakunishika hata mkono. Nikarudi kumwambia moyo unanienda mbio kuliko mwanzo, akanipa vilevile, vingi zaidi.

Ndipo akaletwa Mwanahawa, fundi wa mashetani. Akasema nikiwa kwenye mwani nimemkanyaga shetani wa baharini, sasa amenipanda na anataka ngoma. Basi ikapigwa uani kwetu, baada ya alasiri. Nikafunikwa shuka jeupe gubigubi, chetezo cha ubani kikawekwa humo humo ndani. Ndugu zangu, nawaambia, mtu asiye na pumzi ukimfunika shuka ukamtia na moshi, atafanya nini? Nilihema. Nilikoroma. Ah! Ah! Ah! Mwanahawa akapiga kigelegele: "Anapanda huyo! Anataka kusema! Zidisheni!" Kadiri nilivyozidi kufa, ndivyo walivyozidi kupiga. Nataka kusema nifunueni, yanatoka maneno nusu nusu, wao wanasema ndiyo lugha yake.

Somoe alikuwa jikoni, anawapikia wapiga ngoma wali. Akaja kuchungulia, akafunua shuka, akaiona midomo yangu imekuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Hakubishana na mtu. Alimsukuma mpigaji kwa nyonga, akaikalia ngoma. Na mwili wake mnaujua.

"Inuka, Somoe, utatuletea balaa!" Mwanahawa akafoka.

"Balaa hilo hapo chini ya shuka. Mtu anakufa."

"Huyo shetani atakuhamia wewe!"

"Na aje. Atanikuta nimeshiba."

Shaweji alisimama palepale, mkono kiunoni, anatazama tu. Kwa hilo pia namtaja.

Kesho yake Somoe akanipeleka hospitali ya wilaya. Daktari akanisikiliza kifuani muda mrefu, akasema moyo una mvumo usiotakiwa, akatuandikia karatasi ya kwenda Dar. Somoe akauza cherehani yake. Daraja la Rufiji lilikuwa bado, tukavuka kwa kivuko, nimemwegemea begani. Nikamuuliza, "Dada, mimi ni mke mwenzio. Unanihangaikia kwa nini?"

"Ukifa," akasema, "zamu za mume yule zote ziwe zangu? Siziwezi, nyamaza upumzike."

Kule Dar nikalazwa ubavu wa kushoto, nikapakwa kitu cha baridi kinachoteleza kama mlenda. Daktari, mwanamke, akanikandamiza chini ya titi kwa kidude kama kipande cha sabuni. Mbele yetu kuna televisheni. Basi nikauona moyo wangu. Nani kati yenu kauona wake? Unajikunja na kujikunjua, hauombi ruhusa kwa mume wala kwa fundi.

Yule daktari alikuwa na subira, Mungu amzidishie. Akatuonyesha kwa kidole: moyo una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini, na kuna milango ya kupitisha damu mbele isirudi nyuma. "Huu hapa, wa kushoto," akasema, "umekakamaa, kingo zimeshikana." Niliuona unavyofunguka kidogo tu, kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Damu haipiti yote, chumba cha juu kimevimba, nyingine inarudi kujaa mapafuni. Ndiyo kisa cha kuzama nikilala. Mimba nayo inaongeza damu, mlango hautoshi. "Lakini chumba hiki cha chini kinasukuma vizuri," akasema. "Tuna pa kuanzia."

Somoe akasogeza uso mpaka kwenye kioo. "Daktari, na shetani je? Mbona hutuonyeshi?"

"Mama, nimepita vyumba vyote vinne. Hayumo."

Nikalia pale kitandani. Miezi yote ile niliamini mimi ni mvivu, au nimeingiliwa. Kumbe ni mlango.

Akaniuliza kama utotoni niliumwa koo, kisha viungo vikavimba. Nikakumbuka. Leo goti hili, kesho lile. Nyumbani nikachanjwa chale, uvimbe ukaisha, wote tukafurahi. Akasema ugonjwa ni ule ule ulioanzia kooni: magoti yalipona, moyo ndio uliobaki na jeraha.

Nikabaki Dar kwa shangazi yake Somoe mpaka siku zangu. Vidonge vya kupunguza maji, vya kutuliza mapigo, sindano ya penisilini kila wiki nne, hakuna kubeba hata ndoo. Nilijifungua hospitali, nimeinuliwa nusu kukaa. Mtoto wa kike, yuko darasa la sita, anamwita Somoe mama kabla yangu. Nikafunga kizazi. Shaweji alinuna, na anune. Mlango wangu bado ni ule ule. Kila mwaka nakwenda unapimwa kwa picha.

Mwanahawa Mungu amrehemu, Athumani duka limekua. Sijawasamehe vizuri, sidanganyi. Ila shukrani ninazo nyingi kuliko kinyongo: kwa daktari yule, kwa shangazi, na kwa Somoe, yule pale anayejifanya anasuka ukili asitazamwe.

Sasa neno lenyewe. Mama Zuhura, jana nimemwona mwanao kisimani anachechemea. Juzi goti la kulia, jana la kushoto, na wiki mbili nyuma ulisema koo linamuuma. Nasikia umeshamwita fundi wa chale. Makovu yangu haya hapa, njoo uyashike. Usiniambie baba yake hajaruhusu. Kesho asubuhi nakupitia, tunampeleka zahanati. Somoe atambeba mgongoni, maana mimi siwezi.