Gari Lisilosimamishwa

Wazee wangu, shikamooni. Waislamu wenzangu, asalaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe. Na wewe usiye na upande, mambo? Mwenyekiti ameniomba nieleze namna Mungu alivyonitoa shimoni, na amenisihi nisimtaje mtu. Sitamtaja. Ila ndugu zangu, mhusika yumo humu ndani na soda amepewa kama wengine. Asikohoe tu.

Wageni wa chama wanijue. Mimi ni Mama Zuhura, mpika wali wa hapa hapa Ibadakuli. Zamani nilikuwa napeleka chakula Mwakitolyo kwa wachimbaji, kwa magari ya kubahatisha. Wali unafika umepoa, wachimbaji wananitukana na wanaula. Mume wangu naye alikuwa akiendesha magari ya watu. Tukasema sasa basi, tupate haisi yetu: asubuhi ibebe masufuria, jioni irudi na abiria. Tukauza shamba la Didia alilorithi kwa baba yake. Mama mkwe alilia siku ile, na mimi nikamwona mshamba.

Ndipo mzee mmoja wa chama hiki hiki akaja nyumbani. Mzee wa kuheshimika, anayetuongozea dua. Akasema, "Mama Zuhura, mnahangaika nini na madalali? Mimi gari ninalo. Njooni mlione."

Tukaenda. Lilikuwa limeoshwa likatakata. Mume wangu akaingia uvunguni, mimi nikasimama mbele ya kioo. Stika za ukaguzi wa usalama barabarani zimepangwa pale mwaka baada ya mwaka, hakuna uliorukwa. Mzee akasema, "Hili halijawahi kukataliwa hata siku moja." Akatoa simu, akaingiza namba ya gari ili tuone kama linadaiwa faini. Hakuna. Nawaambia, haisi inayotembea mkoa huu, haina faini hata moja! Viti vya mbele vilikuwa vimechakaa, lakini vya nyuma utadhani vimetoka dukani jana. Na ndani kunanukia ubani. Nikamvuta mume wangu pembeni nikamwambia, "Hili ni gari la watu wa dini. Huoni viti vya nyuma? Hawapakii watu ovyo."

Mume wangu akasema kanyagio la breki linakwenda chini sana, tulipeleke kwa fundi wake akafungue magurudumu. Mzee akacheka. Mimi nikamgeukia mume wangu mbele ya mwenye gari: "Serikali imelikagua miaka yote hiyo, wewe na fundi wako wa kaptula mtaona nini zaidi?" Akajifuta mikono. Ni mtu wa kunyamaza, mnamjua. Tukalipa, tukapewa kadi ya gari.

Asubuhi tuliyopita nalo mtaani mlitoka nje kutazama. Wengine mliziba midomo kwa kanga. Nikadhani ni wivu, nikafurahi sana.

Halikumaliza mwezi. Tulikuwa tunarudi kutoka machimboni, gari limejaa, na ile barabara ina mteremko kabla ya daraja. Chini pale ng'ombe wanavuka, na Msukuma na ng'ombe wake hana haraka na wewe. Mume wangu akakanyaga breki. Akakanyaga tena. Akanitazama, akasema taratibu, "Hazipo." Hakupiga kelele. Mbele ng'ombe na mchungaji wao, kushoto nimekaa mimi, kulia amekaa yeye. Akalikata gari likapiga ukingo wa daraja kwa upande wake. Sijawahi kumwuliza kwa nini upande ule, na yeye hajawahi kusema. Nalia kila nikilifikiria, na msinipigie makofi, sijamaliza.

Hakufa mtu. Mchimbaji mmoja aliyekaa nyuma yangu alitoka dirishani, akakivuta kiroba chake cha mawe ya dhahabu, akakigeuza geuza kuona kama kimepasuka, ndipo akarudi kunitoa mimi. Simlaumu, alianza na kilicho chake. Mume wangu walimtoa kwa nyundo na mtaimbo, na hospitali wakamkata mguu juu ya goti.

Sasa chama. Siwezi kusema hamkuja. Mjumbe wetu alisimama mlangoni mwa wodi, akamwuliza nesi kama mgonjwa atafika asubuhi. Nesi akamwambia atapona. Mjumbe akasema alhamdulillahi, akaondoka, na hatukumwona tena. Katiba yetu inasema kufa na kuzikana. Kukatika mguu haimo. Mume wangu angekufa mngeleta sanda, turubai na ubwabwa. Alipona, akavikosa vyote. Cheka, dada yangu, usijizuie, ndivyo ilivyokuwa.

Mtaani mkasema nina mkosi. Mama mkwe akasema nimekula shamba la mwanawe na sasa nimekula mguu wake. Nikaanza kuamini. Nikaenda kwa mganga, akaniambia nimerogwa na mwanamke mweupe wa nyumba ya tatu. Nikaacha kumsalimia mtu wa watu, kumbe masikini hana hata habari na mimi. Yumo humu, naomba radhi, mama. Wali sikupika tena, maana nani ale chakula cha mwenye mkosi? Mume wangu alikuwa anaugeukia ukuta kutwa nzima. Kuna siku nilimtazama nikatamani angekufa, walau mngekuja. Nimesema, na Mungu amenisikia nikisema.

Basi akaja bibi mmoja wa Kisukuma, mwanachama mwenzetu, na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Akakaa kwenye mkeka, akaniuliza naendeleaje. Nikamwambia nimerogwa. Akaniita mama kwa lugha yao:

"Mayu, akuroge nani? Lile lilikuwa gari la maiti."

Nikasema, "Gari la maiti vipi?"

"La kubebea misiba. Wanaofukiwa kwenye maduara, yale mashimo ya huko machimboni, lilikuwa linawarudisha makwao. Viti vya nyuma vinafunguliwa, jeneza linaingia, sisi tunabanana mbele. Tukifika kwenye mteremko dereva anasema, haya, someni dua. Tunasoma kweli kweli, maana breki tunajua hakuna."

"Na stika je? Zile stika zote?"

"Ee mayu, askari gani atalisimamisha gari lenye maiti? Anaona taa zinawaka mchana na matawi mbele, anavua kofia, anasema poleni, piteni. Wakati wa kubandika stika anabandika, anasema poleni tena. Nani atamwambia dereva wa msiba, hebu piga breki nione?"

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia nilipokuwa nanunua. Akainamisha kichwa. Akasema, "Magari ya misiba anayatoa yule mzee, niliogopa asije akaninyima gari siku yangu."

Ndugu zangu, nililia, kisha nikacheka, kisha nikamtukana yule bibi matusi ambayo mwenyekiti hataki yatajwe hapa. Aliyapokea yote. Nilipochoka akasema, "Umemaliza? Haya, kula michembe." Nikala. Siku nyingi nilikuwa sijala nikashiba.

Siku ile ndipo nilipopona. Breki mbovu zina fundi. Mkosi hauna fundi. Mume wangu alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Akaita, "Mama Zuhura, niletee magongo." Yule mzee alituma dalali kulinunua tena lile gari, eti atalinyoosha amwuzie mtu wa Geita. Tukaliuza kwa watu wa vyuma chakavu, tukasimama pale mpaka limekatwa vipande. Mume wangu ndiye aliyewaonyesha waanzie wapi. Alianza na chumba cha dereva.

Nikarudi kwenye jiko, kwanza maandazi, halafu wali. Ilituchukua muda mrefu na sitaki kuupamba. Tulipoanza kutafuta gari tena, tulifika kwa Mhindi mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi mjini. Akatuonyesha haisi yake, ina mikwaruzo, haina mvuto. Akasema kwa aibu, kama mtu anayetaja talaka ya binti yake, "Mama, mimi nasema kweli, hii gari ukaguzi ilikataa mara mbili." Akaleta karatasi. Mara ya kwanza usukani ulikuwa unacheza. Mara ya pili breki za nyuma. Na kila mara kuna kipuri kilichonunuliwa, na gari limerudishwa kukaguliwa likapita.

Nikamwambia, "Baba, hilo hilo." Mume wangu akamwita fundi wake wa kaptula, magurudumu yote manne yakafunguliwa, na safari hii nilishika tochi nikafunga mdomo.

Kwa hiyo mkienda kununua gari la mkononi, acheni kuhesabu stika. Ulizeni liliwahi kukataliwa kwa kosa gani, nani alilitengeneza, na lilirudi kukaguliwa au halikurudi. Gari kuukuu lisilowahi kukataliwa kwa barabara zetu hizi, jueni hakuna aliyelitazama. Na watu ni vivyo hivyo. Mtu ambaye chama kizima hakijawahi kumwuliza swali, msikimbilie kumpa dua aongoze.

Namshukuru mume wangu, ambaye mpaka leo hajatamka neno "nilikwambia". Namshukuru yule Mhindi kwa aibu yake. Nanyi nawashukuru kwa pole, mlizitoa nyingi.

Lakini wa kwanza kabisa ni yule bibi. Hayupo leo, tumemzika juzi kwao, na gari lililompeleka lilikuwa langu, wengi wenu mlikuwemo. Mnakumbuka kwenye kizuizi, askari alivua kofia akatupungia tupite. Nikamwambia dereva asimame. Nikashuka, nikamwambia askari, "Vaa kofia yako, mwanangu. Kagua breki." Akaona haya, lakini akakagua, tairi kwa tairi, na jua lile. Mkaanza kunung'unika ndani ya gari kwamba marehemu anacheleweshwa. Sikuwajibu siku ile kwa heshima ya maiti, nawajibu leo. Marehemu hakuwa na haraka. Ninyi ndio mliokuwa na haraka ya kumfuata.