Mama Ila wa Mbaha: Maisha ya Muuguzi Notburga Methodi Ndunguru (1963–2025)

Ukungu ulikuwa mzito Namswea asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1963, mzito kiasi kwamba mkunga alifika kwa Mzee Methodi Ndunguru kwa kufuata sauti ya jogoo. Alipofika, Mama Beata Kinunda alikuwa ameshajifungua mtoto wake wa tatu, wa kike, naye mtoto hakuwa akilia. Alikuwa ametulia, macho wazi, kama anayesikiliza. Siku hizo ni za Mtakatifu Notburga, msimamizi wa watumishi na wakulima, kwa hiyo padri hakuumiza kichwa kumtafutia jina.

Marehemu alikulia kwenye ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba mlimani ili mvua isiondoke na udongo. Baba alifyeka nyasi na kuzilaza, mama na mabinti wakazifukia. Kabla ya kuinua jembe, Mama Beata aliwasimamisha wanawe wautazame mteremko na kusema maji yatapita wapi. Notburga ndiye aliyekuwa akichelewa kujibu kuliko wote, na dada zake walimcheka sana kwa hilo. Mama yake alisema, "Mwacheni. Mlima wenyewe hauna haraka."

Alisoma Shule ya Msingi Namswea kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari huko Songea, na baadaye akajiunga na masomo ya uuguzi Peramiho, alikohitimu mwaka 1986. Walimu wake walimpenda ingawa walimwona mtu wa kuota mchana. Nayo ndoto ilikuwepo kweli. Aliwasimulia wenzake wa bweni. Katika ndoto hiyo alikuwa akipita kijiji asichokijua, milango yote wazi, na kila mlango anaobisha anajibiwa kwa upole, "Nzuri, karibu." Lakini kila akiingia ndani, nyumba ni tupu. Aliamka akiwa na huzuni, asijue inatoka wapi.

Alianza kazi katika wodi ya watoto mjini Mbinga. Huko ndiko alikoletwa Hamphrey Haule, fundi wa mashine za boti kutoka Mbaha, amepelekwa wodi isiyo yake ili apate nesi wa kumfunga kidole alichoumia. Alirudi kufungwa kidole hicho mara nyingi kuliko kidole chenyewe kilivyohitaji. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990, yeye Mkatoliki wa mlimani, bwana Mwanglikana wa ziwani. Mlimani waliuliza atashibaje kule kwa samaki watupu. Ziwani wakauliza kama binti wa milima ya kahawa anajua kuogelea. Hakujua, wala hakujifunza hadi mwisho. Siku anateremshwa kwenda ukweni, gari lilipokata kona ya mwisho ya mlima, alimshika mumewe mkono akasema, "Hamphrey, mbona mbingu imeshuka?" Lilikuwa Ziwa Nyasa, siku ile halina hata mkunjo, na milima ya ng'ambo haionekani. Mzee Hamphrey anasema tangu siku hiyo hajawahi kuliona ziwa kama maji tu.

Sasa ndugu waombolezaji, tufike kwenye kazi iliyompa jina mnalomwita nalo wengi wenu. Mtatusamehe kutaja choo msibani. Marehemu mwenyewe asingetusamehe kama tusingekitaja.

Mwaka 2008, wakati huku ziwani bado ni Wilaya ya Mbinga, alirudi kutoka masomoni akiwa muuguzi wa afya ya jamii. Alipewa kitongoji kimoja cha ufukweni, ambako kila masika watoto walikuwa wakiharisha na wengine kuzikwa. Kazi yake ilikuwa kufanya tathmini nyumba kwa nyumba, kujua watu wanaugua nini na kwa nini, ndipo apange huduma. Alikwenda na ari yote. Alibisha, akasalimia, "Habari za hapa?" Akajibiwa, "Nzuri, sista." Akauliza, "Choo mnacho?" Akajibiwa, "Kipo." Alikiona kwa macho yake, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Kwa Mzee Ladislaus alikuta choo safi ajabu, sakafu kavu, hakuna hata nzi. Alikisifia mbele ya mkutano wa kijiji kuwa choo cha mfano, na watu wa vitongoji vingine waliletwa kukitazama. Mpango wake wa mwaka ule ulisema kitongoji kina vyoo vya kutosha, kinachohitajika ni elimu ya kuchemsha maji.

Masika yalikuja, na kuhara kukaja nayo. Mwezi Februari 2009 walimzika Victor, mtoto wa pili wa Siwema, mkwe wa Mzee Ladislaus. Mtoto wa nyumba yenye choo cha mfano.

Marehemu alikwenda kuhani. Hakubeba karatasi wala kalamu. Alikaa mkekani na Siwema, ambaye mgongoni alikuwa na kichanga wake Rosa, na hakuuliza kitu, kwa kuwa hakuwa na la kuuliza. Alilia tu. Wanawake waliingia na kutoka, chai ikapoa. Alikuwa anataka kuinuka ndipo Siwema alipomwamkia upya, kama vile amefika sasa hivi.

"Habari za kwako, sista?"

"Nzuri, mama."

"Na hapa nzuri," alisema Siwema. Kisha akatazama chini. "Choo kipo, sista. Ila ni cha baba mkwe."

Notburga hakuinuka tena. Polepole, Siwema alimweleza. Mlango wa choo unatazama baraza anapokaa mzee. Mkwe mwenye adabu atapishanaje na baba mkwe pale mlangoni, kopo la maji mkononi? Yeye na wenzake walikuwa wakienda mawe ya kijito, juu kidogo ya pale wanapochota maji. Watoto waliwafuata mama zao.

Sisi sote tumelelewa hivyo. Ukiulizwa habari, unajibu nzuri, hata kama kuna maiti ndani. Nzuri kwanza, ndiyo adabu. Shida inafuata nyuma, baada ya "ila", kama mgeni anayeona haya kuingia. Marehemu alilijua hilo tangu tumboni, ni Mtanzania kama sisi, lakini siku alipovaa sare na kushika fomu alilisahau, akachukua salamu akaiandika kama jibu. Ndoto ya bwenini ikamrudia pale mkekani, ile milango wazi na nyumba tupu. Masika mengine yalikuwa yanakuja, na Rosa alikuwa mgongoni. Usiku na mchana swali lake likawa moja, kama Rosa atavuka.

Ilibaki kumwendea mzee bila kumwaibisha Siwema, na hilo lilikuwa zito kuliko kuchimba mwamba. Alimkuta nyuma ya nyumba akishona nyavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, sista. Habari za zahanati?"

"Nzuri. Sijui huku kwako."

"Huku nzuri."

Marehemu akakaa, akashika upande wa pili wa wavu, akawa anamtandazia. Ziwa lilikuwa jeupe, limekutana na mawingu. Mzee alishona, akapita tundu hili na lile, akamtazama, akashona tena.

"Nzuri," mzee alirudia mwishowe, "ila kile choo chako ulichokisifia mbele za watu. Mle mimi siingii. Nikiingia nasikia Siwema anakohoa uani. Mtu mzima natokaje? Nimemwachia yeye."

"Na yeye amekuachia wewe, baba."

Mzee Ladislaus aliweka sindano ya nyavu chini. Alicheka kwanza, akacheka hadi machozi, choo kizima watu wanaachiana kwa heshima, nacho kinang'aa kwa kukosa mtu! Kisha akakumbuka kaburi la mjukuu wake, akajifunika uso kwa wavu uleule.

Mpango wa pili wa marehemu haukuanzia ofisini. Aliwapandisha watu wa kitongoji juu ya mteremko, akawasimamisha kama Mama Beata alivyokuwa akiwasimamisha wanawe, na kuwauliza maji ya mvua yatapita wapi. Wazee wa ziwani walinung'unika kufundishwa na Mmatengo habari za maji. Alitabasamu akasubiri, na walipomaliza kunung'unika walimwonyesha kila mkondo. Vikachimbwa vyoo viwili viwili kila boma, mbali na kijito, vimepeana mgongo, mlango mmoja unatazama mlima na mwingine unatazama ziwa. Jembe la kwanza alilipiga Mzee Ladislaus kwa mkono wake, akikataa kusaidiwa. Masika yalikuja yakaenda. Rosa alivuka. Yuko hapa leo, katika safu ya mbele ya kwaya, na sauti mliyoisikia ikianzisha wimbo ni yake.

Tangu hapo marehemu akawa Mama Ila. Alizunguka Mbaha hadi Kingerikiti akisalimia, akikaa, akimenya mihogo ya watu, akisubiri neno lake. Wauguzi vijana waliotumwa kwake kujifunza walimlalamikia kuwa wanachelewa. Aliwajibu, "Aliyekwambia nzuri amekukaribisha tu. Bado hajakwambia kitu." Alistaafu Septemba 2023.

Hakuna kizuri kisicho na ila, naye ila yake ilikuwa hii, kwamba ya kwake hakuisema. Watoto walipiga simu, "Mama, habari?" Nzuri. Mumewe akiuliza, nzuri. Mkwe wake Glorious, mke wa mwanawe Elias, na ndiye anayewasomea karatasi hii mbele yenu, alianza kuona kwamba mama akipanda kutoka kanisani anasimama njiani kwa kisingizio cha kutazama ziwa. Siku moja Glorious alichukua ungo wa maharage, akakaa karibu yake, akachambua. Maharage yalipokwisha akayachanganya, akaanza upya. Mama akacheka.

"Wewe mtoto, unanifanyia kazi yangu."

"Ndiyo, mama."

Ungo ukaendelea. "Nzuri," alisema hatimaye. "Ila siku hizi nalala nimekaa. Nikilala chali pumzi inakataa."

Hospitalini walisema ni moyo, umepanuka na kuchoka. Dawa zilimpa karibu miaka miwili zaidi, na tunawashukuru sana madaktari na wauguzi kwa hiyo. Alimwona binti yake Ottilia akiolewa. Alirudi Namswea akalima ngolo moja kwa mkono wake, ndogo, ya kupanda maharage ya kula yeye.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Mei 2025, nyumbani kwake Mbaha, dirisha lilikuwa wazi na ukungu umelala juu ya maji kama ule aliozaliwa nao. Glorious aliingia na uji.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri."

Glorious aliweka kikombe chini, akakaa, akasubiri kama alivyofundishwa. Ukungu ulijiondoa ziwani taratibu, mpaka milima ya ng'ambo ikaonekana yote. Alisubiri. Mkono wa mama ulikuwa ndani ya mkono wake, ukilegea. Alisubiri sana. Ila haikuja.

Marehemu ameacha mume, Mzee Hamphrey Haule. Watoto watatu, Elias, Ottilia na Egidi. Wakwe wawili, wajukuu sita, dada zake wawili wa Namswea ambao hawamcheki tena kwa kuchelewa, na vyoo vya kwa Mzee Ladislaus, ambavyo hadi leo vimepeana mgongo na havikauki watu.

Apumzike kwa amani, pasipo na ila.